Uzi wa Nne Niliukaza Mimi

Odilia,

Acha kunishukuru. Tangu Jumapili ile unanishukuru. Jikoni unanishukuru, kisimani unanishukuru, na jana umenishukuru mbele ya akina mama wa jumuiya mpaka wakanipigia vigelegele. Mtu mzima wa miaka kumi na tisa, masikio unayo, lakini hujajiuliza hata mara moja bibi yako alikuwa anafanya nini na ligombo lako alfajiri ile. Unashukuru kama mtu anayesifu mboga kabla hajaonja. Onja kwanza.

Umekwenda misheni kumuaga mama yako wa ubatizo kwa kuwa kesho unakwenda Arusha, utarudi jua likizama. Nimekaa mlangoni na daftari lako la kidato cha nne, zile kurasa za nyuma ambazo hukuandika kitu, na kalamu inayotema wino. Ningeweza kukungoja nikakwambia kwa mdomo. Lakini najijua. Kwa mdomo ningeanza na sufuria uliyoiacha na ukoko, nikaja kwenye nywele zako, nikamalizia na yule kijana wa shamba la chai anayepita hapa kila Ijumaa kana kwamba njia ni moja tu Njombe nzima, na lile lenyewe ningelimeza. Mdomo wangu una kiburi. Mkono wangu ulijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, umezoea kukosolewa. Basi nautuma mkono.

Habari za sweta, maji ya kuchemsha na wanaume wa Arusha atakueleza mama yako wa ubatizo, yeye anapenda kueleza. Mimi nina jambo moja. Uzi wa nne niliukaza mimi, na sikuukaza ili ushinde. Niliukaza ili ushindwe.

Soma tena kama hukuelewa. Halafu kaa chini, maana ni lazima nianze mbali.

Baba yangu hukumkuta. Alilileta ligombo hili kutoka upande wa Uheheni, alikokwenda kijana kutafuta kazi. Huko uendako watu watakuuliza ni kitu gani, na usiseme ni gitaa la kienyeji, nitasikia mpaka huku. Waambie ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, chini una kibuyu cha kukuza sauti, na juu una uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi mara sita kwenye matundu yake. Tunasema nyuzi sita kwa mazoea. Uzi ni mmoja. Hilo shika, maana ndiko balaa lote linakotokea.

Nilikuwa na kama miaka kumi nikapelekwa kulinda ulezi. Shamba letu lilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, mbali na nyumba. Ndege wanakuja makundi, unapiga bati, wanaruka, wanakwenda kwa jirani, wanarudi. Kutwa nzima hakuna mtu. Na ukungu wa kwetu unaujua: unakaa mpaka adhuhuri, unaona mkono wako na shina lililo mbele yako, basi. Ndege unawasikia lakini huwaoni. Nililia siku tatu. Siku ya nne baba akanipa ligombo.

Mama akasema, "Unampa msichana kitu hicho, nani atamwoa?"

Baba akasema, "Atakayependa kulala akisikiliza."

Mama akasonya.

Baba alinifundisha siku moja tu, hapo hapo shambani. Akaniweka kidole kwenye uzi wa kwanza, ule wenye sauti nzito. "Hapa ni nyumbani. Piga, acha, piga, acha. Moto usizimike hapo." Kisha akanionyesha wa tatu. "Huyu ni mropokaji. Ukimgusa tu, watu wameshajua kama ni harusi au msiba. Mwache anyamaze. Wape wa kwanza, wape wa tano, wape wa sita, zunguka nao, msikilizaji asijue acheke au alie. Akiwa hajui, hapo ndipo anasikiliza."

"Na wa nne?" nikauliza. Masikioni mwangu ule uzi ulikuwa mbovu. Haukuwa mahali pake. Ulikuwa chini kidogo, kama mtu aliyechelewa kusimama kanisani wenzake wameshasimama.

"Wa nne mpige pamoja na wa tano. Polepole. Halafu nyamaza."

Nikapiga. Zile nyuzi mbili zikaanza kugombana, wuu, wuu, wuu, kama pumzi za mtu aliyelala na homa, na chini ya ugomvi wao ikatoka sauti nyingine, nzito, ambayo hakuna uzi wowote kati ya zile ulioitoa. Nikageuka kumtafuta mtu nyuma yangu. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ni mgeni," akasema. "Huwezi kumpiga. Unaweza kumwandalia kiti tu. Akitaka atakuja."

Kesho yake nikabaki peke yangu na mgeni ndani ya ukungu. Siku mbili za mwanzo niliogopa, nikimwita napiga bati haraka aondoke. Baadaye nikawa nangoja niingie shambani nimwite. Usifikiri alinifurahisha. Alikuwa na sauti ya mtu anayepita njia ya mbali na hatasimama. Lakini mtu mpweke anajua, Odilia, kwamba anayepita mbali ni bora kuliko kutopita mtu kabisa.

Na kitu kimoja nilikigundua mwenyewe, baba hakuniambia. Ukiacha uzi wa kwanza, ukafanya wa pili ndiyo nyumbani, nyuzi ni zile zile, hukugusa hata moja, ila wimbo mzima unageuka sura. Ni kama kuingia nyumbani kwako kwa mlango wa nyuma usioutumia. Chungu ni kile kile, mkeka ni ule ule, lakini unaviona kama vitu vya marehemu. Siku ya kwanza nilipohama hivyo katikati ya wimbo, nadhani hata ndege walinyamaza. Labda niliwaza tu. Nakwambia nilivyosikia.

Hayo yote nilikufundisha, kwa fimbo na kwa matusi, na unayajua kuliko mimi. Nisilokufundisha ni jinsi nilivyoyapoteza.

Babu yako alinioa, na kweli alikuwa akilala akisikiliza. Kisha akaenda kwenye mashamba ya mkonge kama wanaume wote wa hapa walivyokwenda, na hakurudi. Nikabaki na mama yako Kresensia mgongoni na ligombo ukutani. Nilikuwa napiga jioni, peke yangu, na watu walikuwa wanapita mbali kidogo na nyumba hii. Hawakunisema vibaya. Walisema tu, "Mama Kresensia anapiga ile yake," wakabadilisha njia.

Ndipo parokiani ikaja sikukuu kubwa, na mwalimu wa kwaya, kijana mmoja mtanashati, soksi nyeupe kwenye matope yetu haya, akasema anataka ngoma na vyombo vya asili pamoja na kinanda. Akaniita. Nilikwenda kifua mbele, nikijua katika wilaya hii hakuna mwanamke mwingine. Akaliweka ligombo karibu na kinanda, akabonyeza, akanisikiliza, akabonyeza tena.

"Mama Kresensia, huu uzi wa nne umelegea."

"Haujalegea. Ndivyo ulivyo."

"Hauko kwenye do-re-mi."

"Basi do-re-mi ndiyo imekosea."

Wanakwaya wakacheka, mzee mmoja wa besi akapiga hata meza. Ningeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye akili. Lakini yule kijana akainama akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniua, "Mimi naelewa, mama. Ila watu wa mbali watakuja. Watasema mama hajui."

Mimi, kuambiwa sijui! Nikampa ligombo.

Akauvuta wa nne upande. Wa tano akalegea. Akamkaza wa tano, wa tatu naye akahama. Kinanda kila sauti ina chumba chake na mlango wake. Ligombo wote wanalala chini ya blanketi moja, ukilivuta huku, wa kule anabaki uchi. Alihangaika mpaka saa ya chakula, na alipomaliza hapakuwa na uzi hata mmoja mahali ulipokuwa asubuhi. Lakini zilipatana. Sikukuu ikafika, nikapiga, vigelegele, watu wa mbali wakanishika mkono. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kama mkate.

Juni ile baba akaugua. Akaniita, akaniambia nipige. Alikuwa amelala chali, macho amefumba, anangoja. Nikazunguka na wa kwanza na wa sita, nikamficha wa tatu kama alivyonifundisha, nikafika. Nikapiga wa nne na wa tano pamoja. Zikapatana. Safi kabisa. Chini yake hakikutoka kitu.

Akafumbua macho. "Piga tena."

Nikapiga tena.

"Nani ameingia humu ndani?" akauliza.

Nikamwambia ni mwalimu wa kwaya.

"Mrudishe mgeni wangu."

Nikaulegeza wa nne, ukashuka mno. Nikaukaza, ukapita juu. Nikamshika wa tano, wa tatu akaondoka. Baridi ile ya Juni, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye mikono, vidole vinateleza. Sikujua tena mahali pake. Kwa miaka yote ile niliukuta uko pale, sikuwahi kujiuliza uko wapi. Baba akauondoa mkono wangu kwenye nyuzi. Halafu akasema, "Weka chini, unanichosha," akageukia ukutani. Aliishi siku tano zaidi. Hakuniomba tena.

Unajua nilifanya nini? Nilisema mzee amekuwa kiziwi. Nilisema hivyo kwa ndugu zangu, nikasema hivyo msibani, watu wamekaa kwenye mikeka, nikacheka na kucheka. Baba yangu alikuwa na masikio mazima kuliko wote waliokuwa pale, nami nilimzika na uongo ule juu yake kwa sababu sikuweza kusema maneno mafupi tu: nimeharibu.

Miaka iliyofuata niliutafuta ule uzi. Sikumwuliza mtu, ningeulizaje. Huko Uheheni walikuwepo wazee waliojua, ningepanda gari siku moja tu, lakini ningesemaje, mimi binti wa nani, nimempoteza mgeni wa baba yangu kwa ajili ya vigelegele? Nikalitundika ligombo juu ya mafiga, kwenye moshi, nikasema ni kwa ajili ya kufukuza wadudu.

Mama yako naye akaugua. Tulimpeleka hospitali ya Ikonda, tukakaa naye kule, tukamrudisha, tukamzika. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, na ulikuwa mtoto mbaya wa kulia, sijapata kuona. Siku moja ya mvua umelia tangu asubuhi, sina kitu cha kukupa mkononi, nikalitungua lile lidude na masizi yake nikakuwekea mapajani. Ukazipiga nyuzi zote kofi kwa kiganja.

Mgeni akaja.

Ukanyamaza. Kisha nikakunyang'anya, ndiyo, nikakunyang'anya, ukaanza kulia upya, sikujali. Nikapiga wa nne na wa tano na alikuwepo, wuu, wuu, mle mle jikoni kwenye moshi. Usimwambie mtu kwamba ni muujiza. Joto la mafiga lilikuwa limeulegeza uzi kidogo kidogo kwa miaka mitano, mpaka ukarudi wenyewe ulikotoka. Mimi niliutafuta kwa kiburi sikuupata. Ulirudi nilipouacha.

Hapo ndipo tulipoanza, mimi na wewe. Mengine unayajua.

Sasa nakuja kwenye Jumapili.

Makambako ya siku hizi si ile ya kupanga foleni ya sabuni. Kila mtu anauza kitu: mitumba, betri, redio, mafuta ya nywele, na kila wiki kuna basi jipya lenye jina jipya kiooni. Mzee Hamisi, Mrangi wa watu aliyekuja na mzigo mmoja wa kaseti akafungua duka karibu na stesheni, ndiye aliyekunasa kwanza. Ulipiga mchana kutwa kwenye stoo yake, akaweka ile kaseti kwenye spika ya nje. Nilikuwepo, nilikuwa nauza viazi vyangu upande wa pili wa barabara. Malori yakapunguza mwendo.

Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani. "Mzee Hamisi, zima hiyo! Mimi nina safari mbele yangu!"

Mwingine aliyekuwa anakula muhindi akasema, "Usizime. Rudisha nyuma, pale mwanzo. Nani yule anayeitikia?"

"Hakuna anayeitikia," Mzee Hamisi akamjibu. "Ni msichana mmoja, peke yake, na ubao." Kisha akanigeukia akapaza sauti. "Mama Kresensia! Mjukuu wako ananifukuzia wateja!"

"Na hao waliosimama?"

"Hao nao hawanunui, wamesimama tu!"

Nilijivuna siku ile, Odilia. Nilijivuna mpaka nikakosea kumpimia mama mmoja viazi, nikamjazia debe mpaka vikamwagika. Lakini uliporudi na habari kwamba kuna bwana wa Arusha, wa hoteli mpya, amesikia ile kaseti na atapita Jumapili kukusikia wewe mwenyewe, na akikupenda atakuchukua, nikaacha kumenya viazi. Ulikuwa unafua sweta ukiimba. Nikaangalia ndani ya nyumba. Nikaona kitakachobaki: mimi, paka, na ukuta uliokuwa na ligombo.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi tena, kule bondeni, kasoro bati.

Ndiyo maana Jumapili alfajiri ulipokwenda kuoga nilikaa na ligombo lako. Vidole hivi hivi, vilivyoshindwa kumrudisha mgeni mbele ya baba yangu anayekufa, vilimfukuza mara moja. Nilikumbuka kila alichokifanya yule mwalimu wa kwaya. Wa nne juu, wa tano juu, wa tatu nyuma kidogo. Nilifikiri bila mgeni utasikika kama msichana yeyote anayepiga chombo cha babu zake, yule bwana atasema asante sana, atakunywa soda yake, ataondoka. Nilishaandaa hata maneno ya kukubembeleza njiani. Nilishachagua kuku wa kukuchinjia.

Ukakaa uani kwa Mzee Hamisi, ukaanza. Ulipofika kwenye wa nne na wa tano, ukasimama kidogo. Ukaniangalia. Mimi nikaangalia magunia. Nilijua umesikia. Nikangoja uvunjike.

Hukuvunjika, mjinga wewe. Ulizunguka. Ulimficha wa tatu, ukahamia nyumba ya pili, ukakaa huko muda ambao mimi mwenyewe nisingethubutu, ukitafuta mlango ambao nilikuwa nimeujengea ukuta. Ilikuwa safi yote. Safi kama sahani ya hotelini. Na yule bwana akapiga makofi, akasimama.

"Hivyo hivyo!" akasema. "Hii inakaa na kinanda, inakaa na gitaa, inakaa na chochote. Ile ya kwenye kaseti niliiogopa. Nikasema wageni wangu chakula kitawakwama."

Akakuchukua kwa ajili ya kitu nilichokufanyia ili akuache.

Mzee Hamisi alikuja kusimama karibu nami na chupa ya soda. Akasema chini chini, "Mama Kresensia, mbona leo ligombo limenyolewa?"

"Uza kaseti zako," nikamwambia.

Kwenye gari la kurudi ukaniegemea. Ukasema, "Bibi, ulijua wanachotaka. Ulinirekebishia." Nikajitanda kanga vizuri. Ukasema, "Lakini mgeni hakuja."

Nami nikakujibu, unakumbuka nilivyokujibu, "Mgeni haji Makambako, kelele za malori zile."

"Na Arusha?"

"Arusha ndiyo kabisa."

Ukatikisa kichwa polepole, ukaangalia nje kwenye miti ya miwati mpaka tunafika. Huo ulikuwa uongo wa pili wa maisha yangu unaostahili kuitwa uongo. Wa kwanza nimeshakwambia. Mgeni alikuja Makambako mchana kweupe, kwenye stoo ya kaseti, madereva wakamsikia barabarani.

Tangu siku ile hujaurudisha ule uzi mahali pake. Kila ukimaliza kazi unakaa unapiga ile safi, unafanya mazoezi kwa ajili ya hoteli, na mimi nalala chumbani nasikiliza wimbo wa yule kijana wa soksi nyeupe ukitoka kwenye mikono yako. Sijawahi kuwa mpweke namna hii ukiwa bado humu ndani. Nilitaka usiondoke, na nimefanikiwa kukuondoa kabla hujapanda gari.

Sikuandikii ili ubaki. Ukibaki kwa sababu ya barua hii nitakupiga, mzee nilivyo. Nenda. Wakitaka safi, wape safi, ni kazi, hata mimi nilimpa mwalimu wa kwaya alichotaka. Lakini usije ukafikiri kwamba safi ndiyo sahihi na ile nyingine ilikuwa ushamba wa bibi yako. Ndivyo nilivyofikiri mimi kwa miezi michache tu, na iliniponza miaka.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, kuna jambo moja la upigaji wako ambalo sijakwambia kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu. Una haraka ya kurudi. Ukitoka nyumbani, kwenye wa kwanza, unataka umerudi kabla msikilizaji hajajua umetoka. Unamwonea huruma. Usimwonee. Kaa nje. Kaa mpaka aanze kusogeza miguu, mpaka aanze kutafuta mtu wa kumwangalia usoni. Na si lazima urudi. Baba yangu alikuwa anaweza kumaliza kwenye wa pili, akaliweka ligombo chini, watu wakabaki wamekaa hawajui kama wameruhusiwa kuondoka. Jumapili, na uzi ule nilioua, ulikaa nje kuliko siku zote. Nilikuona. Ulikuwa umepotea na ulipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Hilo ndilo lililonifanya niandike, zaidi ya dhambi yenyewe.

Wala usipange. Mimi nikiupanga wimbo kichwani kabla, mkono unakariri kama mtoto wa darasa la kwanza, na mgeni hapendi kukaririwa. Unakaa, unawasha moto kwenye wa kwanza, unasikiliza chumba kina sauti gani, kama ni cha bati, kama ni cha nyasi, kama kuna mtu anayelia humo na hajulikani. Unaanzia hapo. Huko Arusha vyumba vitakuwa vya saruji na mapazia. Sijui vinalia vipi. Utajua wewe.

Utakuwa peke yako sana huko. Watakuwepo watu, watakupigia makofi, na utakuwa peke yako. Siwezi kukuondolea hilo. Mimi limenikaa miaka sitini. Nimekupa kitu cha kufanya nalo, kisha nikakupora. Sasa nakurudishia, lakini siwezi kukurudishia kwa mikono yangu, maana uzi wangu ulikuwa wa baba, na wako uliupata mwenyewe kwa kofi la kiganja ukiwa na kamasi.

Sitakuomba msamaha mdomoni. Nimejaribu leo mara mbili kisimani, ulikuwa umejitwisha ndoo, nikaishia kukwambia unamwaga maji. Msamaha wangu ni huu hapa, na herufi zake zimepinda.

Kwa hiyo sikiliza. Ukimaliza kusoma usije kunitafuta, usilie, usiniulize kwa nini, nimeshasema. Chukua ligombo, kaa hapa mlangoni nilipokaa, ulegeze uzi wa nne mwenyewe. Wa tano atakusumbua, wa tatu atataka kukimbia. Warudishe mmoja mmoja, bila hasira, hata kama hasira unayo na una haki nayo. Mimi nipo nyuma ya nyumba napalilia viazi, na sitakuja kukuonyesha hata ukiniita jina langu la ubatizo. Nikimsikia mgeni, nitaingia tule. Giza likiingia kabla hujampata, kesho panda gari hivyo hivyo, uzi ukiwa umelegea, na usimruhusu mtu yeyote aukaze, awe mwalimu, awe bwana wa hoteli, awe mimi.

Weka daftari chini. Legeza.

Bibi yako